Kujifunza kusuka lauhala Hawaii: maswali mnayoniuliza kila siku

Nimeulizwa maswali haya kazini, harusini, hata msibani, kila nikionekana na kofia yangu ya majani. Wengi ni watu wa kwetu wanaoishi Marekani na wanapanga kwenda Hawaii likizo, wengine wako Dar au Mombasa na wamevutiwa tu. Nimeyaweka pamoja kuanzia ya msingi mpaka yale ya mtu mmoja mmoja, na pale jibu linapogusa swali lingine nimesema uende wapi ili nisirudierudie.

## Mwanzo kabisa

Lauhala ni nini?

Kwa Kihawaii lau ni jani, na hala ni jina la mti, kwa hiyo lauhala ni jani la mti wa hala. Kusuka wanaita ulana. Ukisikia mtu anasema ulana lauhala basi anaongelea kazi hii yote, mikeka, kofia, vikapu, vipepeo vya kujipepea, bangili na vingine.

Mti wenyewe ukiuona mara moja hutausahau, umesimama juu ya mizizi inayotokea hewani kama mtu aliyejiegemeza kwenye fimbo nyingi, majani marefu membamba yamejipanga kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara, na yana miiba pembeni zote mbili na mingine kwenye uti wa jani upande wa chini. Tunda lake ukilitazama kwa mbali utadhani nanasi.

Si ndo mkadi wetu huo?

Ni ndugu yake kabisa. Mkadi wa pwani yetu na hala wa Hawaii ni wa jamii moja, Pandanus, ila ni aina tofauti. Kwetu mkadi tunaujua zaidi kwa ua lake, kadi, kina mama wanalitia kwenye nguo na nywele linanukia nyumba nzima. Na Hawaii vilevile ua la mti dume, wanaliita hīnano, linapendwa kwa harufu, na yale majani meupe laini yanayolifunika ua ndo yalikuwa yanasukwa mikeka ya hadhi ya juu kabisa. Mi nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilinyamaza kidogo, nikamkumbuka bibi yangu na kisanduku chake cha nguo.

Kama unawaza kusuka kwa majani ya mkadi wa kwenu, nenda swali la mwisho kabisa.

Mi najua kusuka ukili tangu mdogo, kuna haja ya kufundishwa tena?

Ipo, na pengine utahangaika kuliko yule asiyejua kitu. Sisi mkeka wetu unaanzia kwenye ukili, unasuka utepe mrefu wee, siku na siku, alafu ndo unachukua shazia unashona kili kwa kili mpaka mkeka unatokea. Wao hawashoni. Mkeka wa lauhala unasukwa wote mzima, chane, yaani vipande vyembamba vya jani, zinapita mshazari kutoka pembe hadi pembe, jani likiisha unaingiza jingine juu yake hapohapo na linajibana lenyewe, ukifika ukingoni unazikunja chane zinarudi ndani. Sindano hakuna. Kwa hiyo macho yako yamezoea kuangalia upana wa vidole vinne, sasa unatakiwa uangalie upana wa chumba.

Na kitu kingine ni nguvu. Ukindu, jani tunalosukia ukili, unavumilia kuvutwa, lauhala ukiivuta kwa mkono wa ukili inapasuka kwa urefu. Mwalimu wangu alinishika mkono akanionyesha kwamba chane unaisukuma ikae mahali pake kwa kidole gumba, huivuti. Wiki nzima nilikuwa navuta tu, mazoea.

Zile kofia za kijani wanazosuka ufukweni Waikīkī ndo lauhala?

Hapana, zile ni za jani la mnazi, wanaita ulana niu. Nazo ni kazi nzuri na mtu wa pwani atacheka kwa furaha akiona, maana ni binamu wa pakacha letu kabisa, kuti linachanwa likiwa bichi na kusukwa papo hapo. Mtu hodari anamaliza kofia wewe umekaa unakunywa soda. Ila jani bichi likikauka linasinyaa na kubadilika rangi, wakati lauhala inasukwa ikiwa tayari kavu na kofia iliyotunzwa inakaa miongo.

Kuna pia majani ya mmea wa kī ambayo wanasokota shada za shingoni. Uti unatolewa, jani linalainishwa kwa joto au kwa kugandishwa kwenye friji, alafu linasokotwa kama kamba. Hilo ndo rahisi kuliko yote, hata mtoto wa miaka sita anaweza.

Zamani walikuwa wanasukia nini?

Karibu kila kitu cha nyumbani. Mikeka ya kulalia na kukalia iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, mito, vikapu, na matanga ya mitumbwi. Fikiria hilo, watu walivuka bahari kubwa kuliko zote duniani kwa tanga la majani! Wamishenari walifika mwaka 1820 na baada ya hapo kofia za kizungu zikashika, wasukaji wakachukua mitindo yake na kuifanya yao. Kule Kona kwenye mashamba ya kahawa, vikapu vya kuchumia kahawa na kofia za shambani vilikuwa vya lauhala, na mama wa nyumbani alikuwa anasuka kofia anapeleka dukani anabadilishana na sukari, mchele na kitambaa.

Baadaye ikapungua sana. Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa 1893, lugha yao ikaondolewa mashuleni 1896, na ndo kwanza 1978 ikarudi kuwa lugha rasmi ya jimbo. Hapo katikati maarifa mengi yalibaki mikononi mwa mabibi wachache. Nayataja haya kwa sababu ukikaa darasani ukaona mwalimu anasisitiza jina la Kihawaii la kila kitu, usidhani anakuchosha, kuna wakati majina hayo yalikuwa yanapotea.

## Kupanga safari

Niende kisiwa gani?

Kama kusuka ndo sababu yako kubwa basi nenda kisiwa kinachoitwa Hawaii chenyewe, kile kikubwa. Upande wa Kona ni mkavu na ndo penye jina kwa kofia, kuna kijiji cha Hōlualoa juu mlimani kwenye mashamba ya kahawa, na hapo kuna duka la Kimura Lauhala ambalo familia moja imeliendesha tangu 1914. Hata kama hununui, ingia uangalie, utaelewa kazi safi ina sura gani kabla hujashika jani. Upande wa pili wa kisiwa kuna Puna, inayosifiwa tangu zamani kwa hala. Wanasimulia kwamba Pele, mungu wao wa volkano, mtumbwi wake ulinaswa kwenye mizizi ya hala, akakasirika akaing'oa na kuitupa huku na huku na kila ilipoangukia pakaota mti.

Maui kuna Hāna, na kwenye bustani ya Kahanu kuna msitu mkubwa wa hala wa asili, mi niliona kama nimeingia mahali pa ibada. Oʻahu ndo kuna Honolulu, na Bishop Museum iliyoanzishwa 1889 ina vitu vya zamani vya kusukwa. Wengi mnatua Oʻahu hata hivyo, kwa hiyo tengeni nusu siku mwende.

Mwalimu nampata wapi?

Hili ndo swali nnaloulizwa kuliko yote na watu hawalipendi jibu lake, kwamba walimu wazuri wengi hawana matangazo. Wanasuka na kundi lao, wanaita hui, mara moja kwa wiki kwenye ukumbi au barazani kwa mtu. Anza na sehemu za wazi, hoteli kubwa nyingi zina kipindi cha kusuka kwa wageni, makumbusho na vituo vya utamaduni vina siku za maonyesho, na maonyesho ya kazi za mikono wakati wa Merrie Monarch, tamasha la ngoma ya hula, kule Hilo, wiki inayofuata Pasaka, yanawaleta wasukaji wengi pamoja. Kona kuna kundi la Ka Ulu Lauhala o Kona, ambao huandaa mkutano wa wasukaji, watu wanakaa siku kadhaa wanasuka tu na walimu kadhaa.

Ukikutana na msukaji usimuulize moja kwa moja "utanifundisha?" Mnunulie kitu kidogo, kaa, angalia, uliza kuhusu kazi yake. Mi nilimpata mwalimu wangu kwa kumsaidia mama mmoja kubeba viti baada ya maonyesho, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia bibi yangu alikuwa anasuka mikeka Pangani, akasema njoo Jumanne.

Nina siku moja tu, nitatoka na nini?

Bangili, au alamisho ya kitabu, au samaki mdogo wa kuning'iniza. Saa mbili tatu. Majani utayakuta yameshaandaliwa, na hapo ndo tatizo, maana utatoka unadhani umejua kusuka lauhala kumbe umekutana na robo ya kazi. Soma sehemu ya jani hapo chini uone.

Na wiki moja au mbili?

Wiki moja ukiwa na mwalimu unaweza kutoa kipepeo au kikapu kidogo na ukajua kuandaa jani. Kofia ya kwanza, kwa kweli, usiiwekee tarehe. Kuna watu walianza kofia likizo moja wakaimalizia likizo nyingine.

Gharama je?

Inategemea sana. Vipindi vya hoteli mara nyingine ni bure kwa mgeni wa hoteli, madarasa ya kituo unalipa ada na nyenzo, na kwenye hui unaweza kukuta hakuna ada kabisa ila unatarajiwa uje na chakula na ufanye kazi. Usije mikono mitupu. Mi napeleka maandazi ya iliki yanaisha kabla ya chai.

Kofia nzuri ya kununua ni mamia ya dola, za chane nyembamba sana zinavuka elfu, na ukishaandaa majani ya kofia moja kwa mikono yako hutauliza tena kwa nini.

Nikiwa Afrika Mashariki nahitaji nini?

Viza ya Marekani ya matembezi, Hawaii ni jimbo la Marekani kama Texas. Ukiwa unaishi Marekani tayari ni ndege ya ndani, kutoka California ni kama saa tano. Saa za kule ziko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa 13, kwa hiyo mama akipiga simu asubuhi kwake kwako ni jana jioni.

## Adabu

Mwalimu namwitaje?

Mwalimu ni kumu, neno hilohilo pia ni shina la mti na chanzo cha kitu. Lakini kwa mdomo watu wazima wote utasikia wanaitwa Aunty na Uncle hata kama hamna undugu, kama sisi tunavyosema mama, shangazi, mzee. Mi shikamoo ilikuwa inanitoka yenyewe kila asubuhi, mpaka wakaanza kuniuliza maana yake, na siku niliyowaambia wakaipenda wakawa wanaitikia marahaba. Usimwite mtu mzima jina lake kavu.

Mbona mwalimu haelezi, anasuka tu?

Ndo anafundisha. Wana methali, nānā ka maka, hoʻolohe ka pepeiao, paʻa ka waha, yaani macho yaangalie, masikio yasikilize, mdomo ufungwe. Sisi tuliojifunza jikoni kwa mama zetu tunalielewa hili, hakuna aliyetuandikia kipimo cha chumvi. Kaa upande wake, usikae mbele yake, kwa sababu ukikaa mbele mikono yake inakuwa kinyume na yako. Na simu weka kando kwanza. Kama unataka kurekodi omba, kuna kumu wanaokubali na kuna wasiopenda kabisa, na mtindo fulani unaweza kuwa wa familia yake.

Kweli hutakiwi kusuka ukiwa na hasira?

Walimu wengi watakwambia hivyo na wanamaanisha. Gladys Kukana Grace, msukaji mkubwa wa Honolulu aliyepewa heshima ya taifa la Marekani ya sanaa za jadi mwaka 2010, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi linaloitwa Ulana Me Ka Lokomaikaʻi, maana yake suka kwa wema wa moyo. Na ukitaka kuthibitisha suka siku umegombana na mtu, alafu kesho yake angalia ule mstari. Umebana huku, umelegea kule. Mimi mwenyewe nina kikapu ambacho nakijua ni upande gani nilikuwa nimepokea simu mbaya.

Mengine utakayoambiwa: usiruke kazi ya mtu iliyotandazwa chini, zunguka. Maliza ulichoanza kabla hujaanza kingine. Na kazi ya kwanza mara nyingi hutolewa kwa mtu, usibaki nayo. Ya kwangu nilimpa mwalimu, ilikuwa imepinda vibaya sana, ameiweka ukutani.

Naweza kuchuma majani mwenyewe nikiona mti barabarani?

Usifanye hivyo. Mti una mwenyewe, hata ulio kando ya hoteli, hata ulio ufukweni, na kwenye hifadhi ni kosa kabisa. Miti mizuri ya kusukia familia zinaitunza, zinaisafisha kila mara kwa sababu mti usiosafishwa majani yake yanakuwa machafu na mafupi. Omba. Na ukikubaliwa, chukua yaliyokauka tu, usiache uchafu chini, shukuru kwa sauti. Mahalo ndo asante.

Nimesikia hala ni mkosi, ni kweli?

Neno hala lina maana nyingine, kupita, kukosa, kosa, hata kufariki. Ndo maana kuna watu hawapendi kuvaa shada la matunda ya hala wanapoanza safari au jambo jipya, na wengine hulivaa mwaka unapokwisha kwa sababu hapo kupita ndo kunakotakiwa. Hii ni kwa shada, mikeka na kofia hazina shida hiyo. Ukiona mtu amekataa shada lako usione vibaya.

## Jani lenyewe

Jani linaandaliwaje?

Hapa ndo nataka mtulie maana hapa ndo kazi ilipo, kusuka ni mwisho wake tu.

Unachukua majani yaliyokauka, yale ya kahawia yanayoning'inia chini ya mti au yaliyoanguka karibuni, siku ya jua, sio baada ya mvua. Unachagua. Yenye madoa meusi, yenye matundu, yaliyovunjika katikati unaacha. Unakata sehemu nene ya chini na ncha nyembamba ya juu. Alafu miiba, unaitoa kwa kuchana ukingo mwembamba kila upande, na uti wa nyuma pia kwa sababu nao una miiba, wengine wanatumia kisu kidogo, wengine kucha, mwalimu wangu alikuwa na uzi wa kuvulia samaki, anaupenyeza anauvuta unakwenda *zzzzz* mpaka mwisho. Miiba imepinda kama ndoano, ikikuingia haitoki ilikoingilia. Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu.

Kisha unafuta. Kitambaa chenye maji, mbele na nyuma, jani moja moja, vumbi lote na utando wote. Mara ya kwanza niliona nimemaliza nikapelekewa majani yangu yote nirudie, na maji ya ndoo ya pili yalikuwa kama chai.

Baadae kulainisha. Unalizungusha jani kwenye kiganja, unalinyoosha, unalizungusha kwa upande mwingine, mara nyingi, mpaka linaacha kulia. Jani ambalo halijalainika linatoa sauti ya karatasi, lililolainika linanyamaza na linang'aa. Hapo unayaviringisha moja juu ya jingine kwenye roli kubwa kama gurudumu, inaitwa kūkaʻa, yanyooke. Roli ikitunzwa pakavu inakaa hata miaka.

Mwisho kabisa ndo unachana chane. Kuna kifaa cha kibao chenye nyembe au sindano zilizopangwa kwa nafasi sawa, unalibana jani unalivuta mara moja na chane zote zinatoka sawasawa. Kwa kofia moja nilihesabu siku tatu za kuandaa kabla sijasuka hata msalaba wa kwanza.

Kwa hiyo kama unataka mwalimu akukumbuke, siku ya pili mwambie unataka kusafisha majani. Hakuna anayesema hivyo, wageni wote wanataka kusuka.

Chane ziwe na upana gani?

Wanapima kwa inchi. Mkeka nusu inchi mpaka inchi nzima, kikapu robo au zaidi kidogo, bangili na kofia ya kawaida robo au chini ya hapo, kofia ya kifahari sehemu ya nane ya inchi, kama milimita tatu. Kadri chane inavyokuwa nyembamba ndivyo muda unavyoongezeka, na haiongezeki mara mbili tu. Anza na robo inchi.

Jani langu linapasuka kila nikikunja.

Ama halijalainishwa vya kutosha, ama limekauka mno. Pitisha kitambaa chenye unyevu, subiri dakika chache, endelea. Usiloweke kwenye ndoo. Na angalia unakunja upande gani, uso laini wa jani ndo unabaki nje.

Nikipitiliza na maji?

Ukungu. Unaanza kama vumbi la kijivu, alafu harufu, alafu doa lisilotoka. Upande wa Hilo ambako mvua haikati watu wanapambana nao sana. Likishapata, futa kwa kitambaa kikavu, anika palipo na hewa, jua la asubuhi. Doa likiwa jeusi jani hilo limekufa, toa, usilifiche katikati ya kofia.

## Kusuka

Bangili inakwendaje?

Unapima mkono, unakunja utepe mmoja mpana kuzunguka bomba au kopo la saizi yako huo ndo mwili wake, alafu chane nyembamba zinasukwa juu yake moja juu moja chini, mwisho unachomeka ncha ndani zipotee. Kitu cha kuangalia ni pale mwisho unapokutana na mwanzo. Hapo ndo kila mtu anakosea.

Kofia inaanzia wapi?

Katikati ya utosi, kwenye kitu kinaitwa piko, neno hilohilo kwa Kihawaii ni kitovu cha mtu. Chane zinapishana pale kwa mpangilio maalumu, kisha unaongeza nyingine kwenye pembe ili duara likue. Kila kumu ana piko anayoipenda na wajuzi wanaweza kuangalia utosi wa kofia wakakwambia imetoka mkono wa nani. Likifikia upana wa kichwa unalivika kwenye kalibu ya mbao, unashuka kuta, unafika ukingo unaanza kupanua tena. Ukichanganya jani la rangi mbili, la kahawia iliyoiva na la rangi hafifu, unapata mauwa wanayoyaita anoni, na hapo hesabu inaanzia kwenye piko, ukikosea chane moja juu utaliona kosa lako mpaka ukingoni.

Mi nilifumua piko yangu mara saba. Ya nane mwalimu aliiangalia, akaipapasa kwa kidole gumba, hakusema kitu, akasogeza kalibu upande wangu.

Natumia mkono wa kushoto.

Sema mapema, na hapo sasa kaa mbele ya mwalimu, sio pembeni. Ni kinyume cha nilivyosema kwenye swali la mwalimu asiyeelezea.

Mwanaume anaruhusiwa?

Ndiyo. Zamani ilikuwa zaidi kazi ya wanawake, leo kuna wanaume mabingwa na walimu.

## Ukirudi nyumbani

Uwanja wa ndege watanisumbua?

Mizigo yote inayotoka Hawaii kwenda bara la Marekani inakaguliwa na watu wa kilimo kabla hujaondoka. Kitu kilichosukwa, kikavu, kisafi, kwa kawaida hakina shida. Majani mabichi, matunda na udongo ndo vinaleta tabu. Ukiwa na roli la majani makavu liweke juu juu ya begi, ukiulizwa onyesha, usifiche. Na ukitaka kwenda nalo Tanzania au Kenya kaulize kwanza idara ya afya ya mimea ya huko.

Kwa nini wanakuwa wakali hivyo kuhusu majani?

Mwaka 1995 pale Hāna aligundulika mdudu mdogo wa kunyonya anayeshambulia hala, majani yanakuwa na mabaka ya njano, mti unadhoofika, na jani lake halifai kusukwa. Amesambaa visiwa vingine. Jani moja bichi kwenye begi la mtu asiyejua linatosha kumsafirisha, na miti anayoidhoofisha ndo hiyo familia zimeitunza vizazi. Hili linanihuzunisha sana. Tafadhali usihamishe jani bichi wala mche kutoka kisiwa hadi kisiwa, hata kama ni zawadi.

Naishi Minnesota, kofia yangu imeanza kulia na kukakamaa.

Hewa ya hita inakausha. Winta usiiweke karibu na hita, inyunyizie maji kidogo sana kama ukungu kila baada ya wiki mbili tatu, iache ikauke yenyewe. Ukihisi ina wadudu funga kwenye mfuko weka friza siku kadhaa. Usiishike kwa kubana mbele ya utosi, hapo ndo zinapasukia zote, shika ukingo kwa mikono miwili.

Naweza kusuka nikauza?

Kuuza kazi ya mkono wako ni haki yako. Lakini usiandike ni kazi ya Kihawaii wakati imesukwa na wewe Dallas. Kuna vitu vingi vya bei rahisi kutoka nje vinauzwa visiwani kana kwamba ni vya hapo, na wasukaji wa kweli wanaumia kwa hilo. Sema umejifunza wapi, kwa ruhusa ya kumu mtaje, na mtindo wa familia yake usiuuze bila kumuuliza.

Majani ya mkadi wa kwetu yanafaa?

Watu wa Madagascar na Morisi wanasuka mikeka na vikapu kwa majani ya jamii hii hii, kwa hiyo inawezekana. Mwaka jana nilipokuwa Pangani nilimwomba shangazi twende kwenye mkadi ulio nyuma ya nyumba. Tulichukua ya chini yaliyojikaukia, tukatoa miiba, tukafuta, nikayalainisha mkononi jioni nzima huku ananicheka anasema ukindu hauna shida zote hizi. Yalikuwa membamba kuliko ya hala na makali zaidi ukingoni, mengine yalipasuka, lakini yaliyolainika yalinyamaza kabisa kama yale ya Kona. Nilisuka kipande kidogo cha mkono mmoja. Shangazi akakichukua, akakigeuza, akauliza mshono uko wapi, nikamwambia hakuna.

Nimemwachia roli mbili, ziko juu ya kabati, mbali na jikoni. Nikirudi Desemba nitazifungua, nikikuta hazina ukungu nitaanza piko.